Nyekundu ya Enno

Mashine inakataa kwa adabu:
"Programu hii inahitaji monita ya rangi."
Kisanduku, kitufe kimoja, SAWA,
kana kwamba nina jibu jingine.

Nina kioo cha baba tu,
alichokinunua kwa hesabu za kiwanda cha maziwa hapa Leer:
mistari mia nne, herufi kali kama sindano,
nyeusi, nyeupe, basi.
Runinga ya jikoni, iliyokuwa na rangi,
ile aliyoichomekea Enno mwaka themanini na nane,
ilitupwa siku mama alipohamia kwa Tomke.

Diski ina mwandiko wake:
BUSTANI. TOLEO LA 7. WIEBKE USIGUSE.
Nimeigusa.

Nilianza na ujanja wa pini.
Ndani ya plagi, pini ya nne ndiyo mmbea,
ndiyo inayoiambia mashine ni kioo gani kimekuja.
Nikaikata kwa kikatia kucha.
Mashine ikaamini. Kioo hakikuamini:
kilipiga mluzi mwembamba, picha ikachanika mshazari,
nikachomoa waya ukutani moyo ukinienda mbio,
mwanamke wa miaka arobaini na sita
amepiga magoti chini ya meza.

Pini nikairudisha kwa risasi ya kulehemu.
Kisha nikapata kazi ya mwalimu mmoja wa Uppsala,
kilobaiti kumi na moja za uongo.
Unaitanguliza; inajibanza kwenye kumbukumbu
kama mpangaji anayedaiwa kodi.
Mchezo ukiuliza, "Rangi zipo?"
yenyewe hujibu, "Zipo, zote kumi na sita,"
halafu hukigeukia kioo na kutafsiri:
samawati, nukta nyingi; njano, karibu utupu;
kahawia, changarawe.
Kazi ni kubwa kwa kichakato kizee,
kwa hiyo kila kitu kinatambaa.

Nikamimina chai. Sukari ya mawe ikapasuka kikombeni.
Nje mvua, kama kawaida yake.
Bustani ikafunguka.

Mvulana wa nukta alitembea
nusu ya mwendo wake wa zamani,
kama mtoto ambaye hakuna anayemwita ndani.
Maua ya tulipu safu kwa safu, na juu yake amri:
CHUMA MEKUNDU. MENGINE NI SUMU.
Nami mekundu siyaoni.
Jekundu na la kijani yametoka kwa nukta zile zile,
wingi ule ule.
Nikachuma, nikafa. Nikachuma, nikafa.
Mara tisa.

Mara ya kumi nikaondoa mikono kwenye kibodi.

Enno hakuwa akiiona nyekundu.
Sote tulijua, tulimtania mezani.
Rangi alizipanga kwa tarakimu, na usiku
alikuja kunizoa kitandani, mimi wa miaka tisa,
miguu ikiganda kwenye vigae,
hadi mbele ya runinga:
"Hili je? Jekundu?"
Nami, kwa usingizi,
na kwa kisasi cha siku aliyonifungia bafuni,
"Ndiyo," nikalijibia la kijani.
"Ndiyo," la kahawia.
Akaandika tarakimu nilizompa.
Jumatatu akaupeleka mchezo shuleni.

Aliporudi hakunisema.
Alikula viazi vyake, akaosha sahani.
Toleo la nane halikuwahi kuwapo.

Basi hata kioo cha rangi kisingenifaa.
Mekundu ya bustani hii ni yale niliyoyasema mimi,
nami nimesahau niliyasema yapi.

Mvulana amesimama njiani, mguu mmoja hewani.
Chai imepoa. Natafuta kalamu,
nageuza bahasha ya bili ya umeme.
Safu ya kwanza. La kwanza: sumu.
La pili: sumu. Naanza upya.
La tatu: sumu. Naanza upya.
La nne

ndilo.
Hili hapa, Enno. Hili ni jekundu.
Nimeandika tarakimu yake.